Hukumu ya Ndege ya Mjomba

Ijumaa ile nilishona zipu ya gauni la binti yangu juu chini, nikafumua, nikarudia vilevile. Akili haikuwapo. Kwetu Lubumbashi mahari haipokelewi mpaka mjomba wa binti awepo, na mjomba, kaka yangu, alikuwa Cape Town na tiketi ya shirika la ndege lililonyang'anywa leseni na serikali. Eti wenye hisa wageni wamezidi. Nilicheka peke yangu pale Rosettenville, Johannesburg: jamani, hata ndege nazo zinaulizwa kwao wapi!

Shirika lilikimbilia Mahakama Kuu. Wakwe walikuwa wanakuja kesho yake.

"Panda basi!" nilimfokea kaka kwenye simu.

"Dada, kwa mgongo huu? Ngoja jaji aseme."

Ngoja ngoja huumiza matumbo! Nikamkatia simu.

Binti naye alinishinda kwa kuhangaika. Dirishani, mlangoni, simu mkononi akitafuta habari za mahakama. Akaja kusema kitu, kwa Kiingereza chake kama kawaida, nami nikazidi kukanyaga mashine. "Wee, tulia! Bwana hakimbii," nilimtania. Hakucheka.

Mchana redio ikatangaza. Jaji kasema serikali ina haki ya kuyasimamia mashirika ya ndege, lakini haiwezi kufunga kwanza ndipo isikilize. Ndege ziruke mpaka shirika lisikilizwe. Nilipiga vigelegele hadi jirani Mreno akachungulia. Binti aliketi chini akalia. Nikamkumbatia, nikalia naye kwa furaha.

Jumamosi kaka akafika, suti imekunjamana. Wakwe wakapanga vitenge na vinywaji sebuleni, mbuzi wao akilia uani. Ndipo kaka akamgeukia binti, maana kwetu mjomba ndiye humwuliza mbele za watu, na jibu la binti halipingwi.

"Mwanangu, tupokee?"

"Hapana, mjomba," alisema, kwa Kiswahili. "Wiki nzima namwambia mama siko tayari bado, yeye anashona tu. Nikaomba Mungu ndege yako iruke."

Eish, aibu! Mbuzi akarudishwa kwenye gari. Nilimlaani jaji, nikamlaani rubani, na kaka nikamnyima chai.

Jioni binti alikuja kunigeuzia mgongo nimfungue zipu. Ilikwama, kama nilivyostahili. Nikavuta polepole.

"Mama," akaanza.

"Sema, mwanangu. Mashine nimeizima."