Namba ya Sukari ya Papa

Mchana ninauza misumari na saruji katika duka moja la Kadutu, hapa Bukavu. Jioni, umeme ukiwepo, ninaandika programu za kompyuta. Hakuna aliyenituma. Wanawake wengine wa umri wangu wanaimba kwaya. Mimi ninakaa mbele ya kompyuta kuukuu iliyopasuka pembeni, na mama amezoea kuwaambia wageni, "Mumuache tu, iko na masini yake," kwa sauti ambayo mtu angetumia kusema binti yake ana kifafa.

Kompyuta ile inatumia programu huria tupu. Nikiulizwa maana yake huwa ninajibu kwamba ni programu ambayo mwandishi wake hakuficha kitu: unaweza kuisoma mstari kwa mstari, kuirekebisha, kumpa jirani. Nilipoanza nilipenda tu ile hali ya kufungua kila mlango na kuchungulia. Neno uhuru lilikuwamo humo, lakini kwangu lilikuwa kama neno la mahubiri ya Jumapili, zuri na la mbali. Ni ugonjwa wa papa, baba yangu, ulionifanya nilishike, na tangu hapo silitamki ovyo.

Papa alifundisha hesabu katika shule ya sekondari hadi alipostaafu. Tunakaa naye mtaa wa Kasha, nyumba ya mbao na mabati, mimi na yeye na mama. Ana kisukari cha miaka mingi, na mwili wake umeacha kumpa taarifa. Watu wengine sukari ikishuka wanatetemeka, wanatoka jasho, wanajua. Papa haoni kitu. Anaweza kuwa anakueleza habari za ubatizo wa mjukuu, kisha anaanguka katikati ya sentensi.

Kaka yangu anayeishi Ulaya alipata habari ya kuanguka kwake mara ya pili, akatuma kasha la vifaa vidogo, kila kimoja mviringo kama kifungo cha koti. Unakibandika mkononi, kinakaa wiki mbili. Ukisogeza simu karibu nacho, programu yake inakuonyesha namba ya sukari na mshale: inapanda, inashuka, imetulia. Sukari ikishuka mno, simu inapiga kelele yenyewe. Mama alilia siku ya kwanza. Papa alizoea haraka kuliko sisi, akawa anapitisha simu mkononi kabla ya kila chakula, mzito kama padri anayebariki.

Ile programu ilikuwa ya kampuni, na ilikuwa imefungwa. Mimi, kwa tabia yangu, nilitafuta kama kuna mtu aliyeandika nyingine ya huria inayosoma kifaa kile kile. Alikuwepo, mtu wa nchi nyingine kabisa. Niliichukua kazi yake yote na kuiweka kwenye kompyuta yangu, nikaiingiza kwenye simu yangu, nikamwomba papa anipe mkono nijaribu.

"Hapana," alisema. "Mukono yangu haiko cahier, daftari ya mazoezi."

Nikaacha.

Kisha ikaja ile wiki ambayo mji ulibadilisha wakubwa. Sitaieleza sana, kila mtu wa Bukavu ana yake. Risasi zilisikika upande wa chini, soko lilifungwa, maduka ya dawa yakashusha milango ya chuma, na rezo, yaani mtandao, ikakatika, simu zote zikawa tochi tu. Vile vipande vya kupimia damu vya mashine yetu ndogo ya zamani vilikuwa vimekwisha, na hatukuwa tumeona haja ya kununua vingine. Tulikuwa na kile kifungo mkononi mwa papa. Tulijiona tumejipanga.

Asubuhi moja papa alipitisha simu mkononi na namba haikuja. Yalikuja maandishi marefu ya Kifaransa, labda yaliingia kabla rezo haijakatika, yakisema kwamba masharti ya matumizi yamebadilika, na chini yake kitufe kimoja: kubali. Alikibonyeza. Kiduara kikazunguka. Simu ikamwambia aunganishe mtandao kwanza ili kukubali kwake kupokelewe.

"Ninakubali," papa aliiambia simu. "Nimeshakubali, sasa unataka nini?"

Niliichukua. Nilizima, nikawasha, nikajaribu kurudi nyuma, nikajaribu kuruka ukurasa. Kile kifaa kilikuwa kimeshikamana na nyama ya baba yangu, kinapima, kinajua, na namba haikuweza kutoka kwa sababu ya karatasi ambayo hatukuiona, iliyobadilishwa na watu ambao hawakujua kwamba tuko hai. Nilipandwa na woga ambao haukufanana na ule wa risasi. Risasi unazisikia zinapotoka. Hapa palikuwa na kimya tu na kiduara kinachozunguka.

Mama alisimama mlangoni akijifuta mikono kwenye kitenge. "Ile yako," akasema. "Ile ya masini yako. Haiwezi?"

Papa akakunja mkono wa shati.

Nilifungua programu ya yule mtu nisiyemjua kwenye simu yangu, nikaisogeza. Ilitoa namba papo hapo: 342.

Kwa asiyejua, hiyo ni sukari nyingi, nyingi sana. Papa aliisoma juu ya bega langu, akasema kwa utulivu kwamba ndiyo maana ana kiu tangu alfajiri, akamwomba mama amletee sindano ya insulini. Alikuwa ameshaanza kuhesabu kwa kidole hewani kipimo cha kujidunga.

Hapo ndipo ningependa kusema nilijivunia. Sikujivunia hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeisoma ile programu, na nilikumbuka kwamba kuna mahali fulani palinisumbua. Nikafungua kompyuta, betri ikiwa inakaribia mwisho, nikatafuta. Palikuwepo. Mwandishi alikuwa ameacha maelezo mafupi ndani, kwa yeyote atakayesoma baada yake. Alisema kifaa hakipimi damu moja kwa moja, kinatoa alama tu, na programu inazigeuza kuwa namba. Alisema bila tone la damu la kulinganisha mwanzoni, namba ni ya kukisia na inaweza kukosea sana. Alisema yeye si daktari, ameandika kwa ajili ya binti yake.

"Papa, ngoja," nikasema. "Usijidunge."

"Namba inasema nini?"

"Namba inasema ile, lakini haijui. Inakisia."

"Na ile ya kampuni, ilikuwa inajua?"

"Sijui. Haikutuonyesha ndani."

Alikaa kitako, sindano mkononi. Nilielewa anachofikiri, maana nami nilikuwa nakifikiri. Miezi yote tuliamini namba ya kampuni kwa sababu ilikuja safi, na rangi yake, na mshale wake. Hii nyingine ilikuja na mashaka yake yameandikwa wazi. Niliyataka mashaka hayo, niliyapigania kwa miaka mbele ya kila aliyenicheka, na sasa nilipoyapata nilitamani kutoyaona. Kama sukari kweli ilikuwa 342, kila dakika bila dawa ilimdhuru. Kama ilikuwa nusu ya hapo, ile insulini aliyokuwa anaihesabu ingemwangusha, na hatukuwa na hospitali ya kumkimbizia siku ile.

"Wewe ndiye unaijua," papa akaniambia. "Uniambie nifanye nini."

Hakuna mtu aliyewahi kunitisha zaidi ya hapo. Baba aliyenifundisha kuhesabu, ananiuliza.

"Kunywa maji. Subiri nimtafute masera."

Masera, ndivyo tunavyowaita watawa kwetu, alikuwa muuguzi aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Katana na sasa alikuwa na zahanati ndogo upande wa pili wa Kasha, yenye paneli ya jua kwenye paa. Niliweka kompyuta kwenye mkoba ili niichaji kwake, maana bila ile kompyuta nisingeweza kurekebisha chochote. Mama alitaka kunikataza, akashindwa, akanifunga kitenge chake kichwani kana kwamba kingezuia kitu.

Njia ilikuwa tupu. Kwenye kona ya mteremko kulikuwa na mwanamume mwenye bunduki, peke yake, ameketi juu ya tofali.

"Weye. Ndani ya ile sac iko nini?" akauliza, akiuonyesha mkoba wangu.

"Masini, chef," nikasema, nikimwita mkubwa.

"Fungua."

Niliifungua nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Kompyuta yangu ikiwaka haina mandhari wala vipicha vya kubonyeza, inatoa giza na maandishi meupe. Sikuwahi kuuona ubaya wa jambo hilo hadi nilipouona usoni mwake.

"Hii ni nini?"

"Ni masini ya kawaida, chef. Ni mimi niliipanga hivi."

"Picha iko wapi?"

"Haina picha."

"Masini ya mutu, haina picha? Haina muziki?" Aliinama karibu zaidi. "Unaandikia nani hapa?"

Nilifungua mdomo nieleze habari ya programu huria, nikaona jinsi kila neno lingesikika. Kusoma ndani. Kubadilisha. Kutoka kwa mtu wa nchi nyingine. Nikasema tu kwamba papa ni mgonjwa wa sukari, kwamba masini inasaidia kusoma sukari yake, kwamba ninaenda kwa masera. Nilisikia sauti yangu ikipanda kama ya mtoto. Alinyoosha kidole, akabonyeza herufi moja, ikatokea kwenye giza. Akabonyeza nyingine. Akaziangalia zile herufi zake mbili.

Mtu alimpigia mluzi kutoka juu. Akasimama, akanipungia mkono niondoke, bila hasira, kama anayefukuza kuku. Sikujua na hadi leo sijui kama alinisadiki au alichoka. Nilitembea bila kukimbia.

Masera alinisikiliza akiwa amesimama. Alichukua mashine yake ya kupimia na vipande vichache vilivyobaki, akavaa viatu, akasema kompyuta itachajiwa njiani na Mungu, twende. Tulipita njia ya migombani, ndefu zaidi, isiyopita kwenye ile kona.

Tulimkuta papa amejilaza kitandani, amefumba macho, na mama amemshika mkono ule wenye sindano. Nilipiga kelele. Akafumbua macho.

"Nimesubiri," akasema. "Si ulisema nisubiri?"

Masera alimchoma kidole. Damu ilisema 204. Ilikuwa juu, lakini si juu vile. Alihesabu kipimo kingine cha insulini, karibu nusu ya kile cha papa, akamdunga mwenyewe. Kisha akaniambia, "Na sasa ile namba ya damu, uweke ndani ya programu yako." Niliiweka. Tangu hapo namba ya damu na ile ya programu zilikaribiana, alipompima tena saa za alasiri zilikaribia kuwa sawa, na papa, mwalimu wa hesabu, akatingisha kichwa taratibu. Mimi nilitoka nje nikaketi peke yangu nyuma ya jiko.

Kwa siku zile zote tulitumia ile ya huria. Kila papa alipopitisha simu mkononi mimi niligeuka nitazame ukutani.

Rezo iliporudi, simu ya papa ilileta tena ukurasa wa masharti. Aliniomba nimsomee. Nilisoma kwa sauti, Kifaransa kile cha wanasheria, hadi mama akasinzia. Nilisubiri aseme hataki. Akabonyeza kubali.

"Ile inapiga kelele sukari ikishuka," akasema, akiona uso wangu. "Yako haipigi. Usikasirike, mutoto wangu."

Nilikasirika, kisha nikakaa wiki nzima nikijifunza jinsi ya kuipigisha kelele. Nilipomaliza, vifungo vya kaka vilikuwa karibu vinakwisha, na uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na mizigo iliyopitia barabara ya Kamanyola ilifika au haikufika. Sasa papa anachoma kidole kama zamani. Amekonda, lakini hajaanguka tena.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini masera aliongea, na mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa parokia akiwa amebeba binti wa miaka minne mgongoni. Mtoto alikuwa na kifungo kile mkononi, zawadi ya ndugu kutoka ng'ambo, na hawakuwa na simu ambayo programu ya kampuni ingekubali kukaa ndani yake. Simu yao ilikuwa ya zamani mno.

"Masera anasema yako inakubali simu yoyote," akasema. "Na haiombi ruhusa."

Nilitaka kumwambia hapana. Niliutazama ule mkono mwembamba na nikaona kila kitu kinachoweza kukosewa, na mara hii mistari mingine ndani ya programu ilikuwa yangu, niliyoiandika mwenyewe kati ya mteja mmoja wa misumari na mwingine. Hakuna kampuni ya kulaumiwa. Hakuna hata yule mtu wa nchi ya mbali. Lakini nikimnyima, atarudi Kasha juu na mtoto mwenye kifaa kisichosema kitu, na hali hiyo naijua.

Nilimwekea. Tulimchoma mtoto kidole, akalia, nikaingiza namba ya damu. Mama yake akanyoosha mkono kuchukua simu, nami sikuiachia.

"Ukiona namba inakushangaza," nikamwambia, "usiiamini. Umuchome kidole kwanza. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena, nisikie."

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akarudia, polepole, neno kwa neno, na nikamfanya arudie mara nyingine kabla sijafungua vidole.