Msitu Aliofagia Baba

"Mbona ndege huyu havuki?" baba aliniuliza.

Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki kando ya njia ya miguu, kule juu Kinyala. Ng'ambo ya njia kuna msitu wa zamani, ule wa hifadhi. Upande wetu kuna msitu aliouotesha baba kwenye mteremko ambao babu aliufyeka akapanda viazi. Alianza nikiwa darasa la pili. Alikwenda kuomba miche huku na huku, miwiza, miringaringa, mikuyu, akaipanda akiwa peke yake huku majirani wakimwuliza kama miti inaliwa.

Ndege tuliyemsikia ni mdogo, wa kahawia, mwenye koo la rangi ya kutu. Hutembea chini, na si rahisi kumwona, lakini mluzi wake unajulikana na kila aliyekulia karibu na msitu. Baba aliusikia utotoni hapo hapo mterem­koni, kabla ya viazi. Ndiyo sababu alipanda. Hospitali ya Mbeya ilikuwa imeshatuambia tumrudishe nyumbani, naye alikuwa amebakiwa na haja moja: kuusikia ule mluzi ukitokea upande wake.

Mimi nilikuwa nimerudi kwa ajili ya utafiti wangu wa chuo, kulinganisha ndege wa misitu hiyo miwili. Juu kwenye matawi, msitu wa baba haukuwa na cha kuonea aibu. Chozi walikuwepo, shore, njiwa, na kulukulu mwenye mabawa mekundu alikuja kula kuyu na kuondoka. Ila chini kulikuwa kimya.

"Labda miti bado michanga, baba."

"Michanga? Tazama juu, shingo ikuume."

"Labda anaogopa kuvuka mahali peupe."

"Njia ya kupita mbuzi hii?"

"Labda lile shamba la chai kule chini..."

"Gwe, wewe! Labda, labda. Wamekupa shahada ya labda." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo hadi kikapita.

Nilikuwa na majibu mengi, yaani sikuwa na jibu. Mchungaji alipokuja kumwombea alisema Mungu ana wakati wake. Nikamwuliza kama huo wakati unajua kwamba mgonjwa naye ana wakati wake. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Sisi Wanyakyusa huwezi kutuambia kitu kuhusu usafi. Uwanja hufagiwa kabla ya chai, na chini ya migomba huokotwa kila jani kavu, mpita njia asije akasema mwenye nyumba ni mvivu. Baba aliutunza msitu wake vivyo hivyo. Kila Jumamosi alipanda mteremko na reki na ufagio wa fito, akakusanya majani, akakata miti iliyokauka, akavuta magogo yaliyoanza kuoza yakawa kuni. Ungeweza kutandika mkeka popote.

"Baba yenu ana mke wa pili," mama alizoea kuwaambia wageni. "Anakaa kule juu, hazeeki, na chai nampelekea mimi mwenyewe."

Jioni moja tukiwa jikoni mama alinitazama bila mzaha.

"Mluzi wa yule ndege si unao kwenye simu?"

"Ninao. Nilirekodi kule hifadhini."

"Kesho utangulie, ukaifiche simu mtini, upande wetu. Mimi nitamleta."

"Huo ni uongo, mama."

"Ni zawadi."

"Atajua."

"Asipojua je? Haya, msomi. Mpe jibu au mpe mluzi. Moja kati ya hayo."

Sikumpa lolote. Nilijiambia kwamba mtu aliyeishi kwa kupanda kitu cha kweli hastahili kuagwa kwa kitu cha kughushi. Bado naamini hivyo siku nyingine. Siku nyingine namwona mama akigeuka kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Baba aliposhindwa kupanda mteremko, ndugu walikuja kumsaidia. Shangazi alitoka Bulyaga na wanawake wenzake wa kanisa, wakiwa na fagio zao begani, wakaimba na kufagia msitu wote, kutoka njiani hadi kijitoni. Waliporudi wakamwambia mke wake wa pili, yaani msitu, amependeza kama bibi harusi. Baba akalia. "Ndaga," akawashukuru, "ndaga. Sasa yule ndege hana sababu ya kutokuja."

Aliomba dirisha la chumba chake lisifungwe asubuhi, ijapokuwa baridi ya Rungwe huijui mpaka ikukute kitandani. Nilikaa naye tukisikiliza. Mluzi ulikuja kila siku, na kila siku aliinua kidole kuuliza ni upande upi, nami nikamwambia ni kule. Hata asubuhi ya mwisho ya maisha yake nilimwambia ni kule, na kweli mluzi ulikuwa kule.

Msibani tulipikia kuni zilizotoka msituni kwake. Tukiwa kaburini, pembeni mwa migomba, ndege akalia, na watu wakanong'ona kwamba amekuja kumuaga. Shangazi akanikumbatia. "Umesikia, mama? Umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Mluzi ulikuwa ng'ambo ya njia kama siku zote.

Baadaye sana, nikiwa kazini mkoa mwingine, nilimwona ndege wa aina ile kwa karibu kwa mara ya kwanza, amesimama kwenye takataka za majani chini ya msitu mnene. Alikuwa akipindua majani kwa mdomo, moja baada ya jingine, bila haraka. Nikawauliza wanaomfahamu kuliko mimi, wakanithibitishia: hula wadudu na minyoo walio chini ya majani yanayooza, na mahali palipofagiwa hawezi kuishi, hata miti iwe mirefu kiasi gani.