Swichi ya Msumeno wa Kaka

Jirani yangu wa kazini anaitwa Mama Risasi, na mgeni akilisikia jina hilo hurudi nyuma kidogo. Wala hana bunduki. Risasi yake ni ile ya kuungia nyaya, na moshi wake unanitoa machozi, maana chumba chetu ni kimoja: yeye na meza yake ya mavyuma dirishani, mimi na cherehani yangu mlangoni. Nimemgombeza weee mpaka nimechoka. Ila ukimletea kitu kilichokufa hakuzungushi. Kama kinafufuka, atakifufua.

Ndiyo maana wifi yake alikuwa na kazi ngumu siku ile. Alileta msumeno wa umeme wa mumewe, seremala, ambaye ni kaka yake Mama Risasi, baba mmoja mama mmoja. Swichi ilikuwa imeungua.

"Wifi," alinong'ona, kana kwamba mimi sina masikio, "mwambie kaka yako msumeno umekufa kabisa. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Anadhani sijui. Juzi uliruka ukamchana suruali pajani. Ungezama kidogo tu, leo mngekuwa mnanipa pole."

"Sasa akikaa nyumbani atafanya nini?"

"Atakaa. Atakuwa hai."

Akaondoka akijifuta macho. Mama Risasi akaufungua mpini, akaitoa swichi, akawa anaigeuzageuza tu. Kaka huyu ndiye aliyemlea walipofiwa na wazazi, kwa mbao hizohizo. Kumdanganya hakuweza. Kumrudishia mashine ya kumkata hakuweza vilevile. Mimi nikaendelea kushona.

"Hebu kanyaga tena," akasema ghafla.

"Nikanyage nini?"

"Hicho kikanyagio chako. Polepole."

Nikakanyaga taratibu, cherehani ikaenda taratibu. Nikakaza mguu, ikakaza mwendo. Nikasema moyoni, basi, mwenzangu kachanganyikiwa.

Kumbe swichi iliyoungua ilikuwa ya kuwasha na kuzima tu. Ukiigusa, msumeno unachomoka kwa nguvu zote. Yeye alitaka itakayotii kidole kama cherehani ilivyotii mguu wangu. Tulifuatana hadi duka la vipuri. Muuzaji akampa kama ileile, "hii inaingia bila taabu, mama," Mama Risasi akaikataa. Akapewa ya kubonyeza kidogo ikaenda kidogo. Akasoma ampea zake, kiasi cha umeme inachostahimili, akairudisha: ingeungua kabla ubao wa kwanza haujakatika. Iliyofaa ilikuwa nene kuliko nafasi yake. Akaichukua hivyohivyo, akashinda akikwangua plastiki ya ndani ya mpini ili ienee, huku akiilaani na ukoo wake.

Kaka mtu alikuja kuuchukua akiwa na kipande cha ubao wa kujaribia. Mkewe alikuwa nyuma yake, kanuna. Seremala akabonyeza. Msumeno ukanguruma kidogo kwanza, kisha ndipo ukachanganya mwendo.

"Huu si uleule," akasema.

"Si uleule, kaka. Na mkono wako si uleule."

Nikajifanya natafuta sindano. Kaka mtu akamtazama dada yake, akamtazama mkewe, akajua kwamba ni yeye peke yake aliyedhani ile bado ni siri. Mkono ukaanza kutetemeka, na safari hii hakuuficha.

"Mnataka niache?"

"Mimi nilitaka," mkewe akajibu. "Nilitaka ufe huo msumeno, usife wewe."

Mume akaulaza ubao ukingoni mwa meza. "Basi njoo unishikie huku."

Mkewe akaja, akaukamata kwa mikono miwili. "Nikisema simama, unasimama."

"Nitasimama."

Akabonyeza kidogo. Msumeno ukaanza kuingia ubaoni, taratibu, mpaka katikati.

"Simama," mkewe akasema.

Akasimama hapohapo. Hapakuwa na hatari yoyote ya kumsimamisha, sote tuliona. Mwanamke akashusha pumzi, akausogeza ubao kidogo, akaukamata upya.

"Haya. Endelea."