Katambuga za Chini ya Meza

Kilichomkera Tarsis kuliko joto la Kariakoo ni kwamba viatu vyake havikuwa na ubaya wowote. Katambuga za tairi la lori, kazi ya mikono yake, kamba zake hazichomoki hata kwenye tope la Jangwani. Na mwaka ule wa uhaba viatu vya dukani vilikuwa hadithi tu. Lakini akizitundika msumarini, watu wanazipita, wanakwenda kujipanga mbele ya duka la ushirika.

"Ndugu, foleni ya nini hii?" mpita njia anauliza.

"Sijui. Wewe panga mstari, tutajua mbele."

Mzee Mwinyimvua, muuza nazi mwenye kibaraza alichouzia Tarsis, alikwishamwambia: ikifika Jumamosi bila wateja, nafasi anapewa muuza vitunguu.

"Mchaga gani wewe hujui kuuza?" alimcheka. "Utawatia aibu Wachaga wenzako!"

Tarsis akawaza. Siku hizo kitu kilichokaa peupe kilitiliwa shaka: kama kizuri, mbona hakijaisha? Sukari ilikaa peupe wapi? Akazitungua zote, akazisokomeza kwenye gunia chini ya meza. Juu akaacha kiatu kimoja tu, cha kushoto.

Haukupita muda, mama mmoja akasimama. "Kaka, mwenzake huyu yuko wapi?"

"Zimekwisha, dada."

"Zimekwisha vipi? Hebu inama uangalie vizuri, kaka'ngu, usinifanyie hivyo."

Tarsis akatazama huku na huku, akainama, akatoa jozi iliyoviringwa gazeti. Mama hakuuliza bei wala hakujaribu mguu. Alimwachia noti mkononi, akaifutika jozi ndani ya khanga, akaondoka mbio kama kaiba.

Kesho yake wakaja wengine, wananong'ona. Ijumaa ilikuwa foleni kamili, wa nyuma hajui wa mbele anafuata nini, na Mzee Mwinyimvua anawauzia madafu, meno nje.

Foleni ile ndiyo iliyomvuta mgambo.

"Unaficha bidhaa za wananchi? Mlanguzi wewe!"

"Afande, ni tairi bovu, nimekata mwenyewe."

"Tairi bovu unalificha la nini?"

Aseme wananchi wenyewe hawataki kisichofichwa? Si angelala ndani! Mgambo akalibinua gunia, katambuga zikatapakaa meza nzima mpaka chini.

"Haya, uza hadharani, kila mtu apate."

Foleni ikatazama lile lundo. Kijana aliyekuwa akibembeleza tangu asubuhi akarudisha pesa mfukoni.

"Kumbe ziko tele? Aa, basi nitapita kesho."

"Nunua sasa hivi, ndugu yangu, si uko hapa tayari?"

"Za nini haraka? Zinakwenda wapi?"

Mstari ukayeyuka. Mgambo naye akaenda zake, ameridhika, hata jozi moja hakununua.

Jumamosi muuza vitunguu akaingia na magunia yake. Mzee Mwinyimvua akamsogezea meza. Tarsis akazirudisha katambuga zake guniani, akifunga kwa hasira mpaka kamba ikamkata kiganja, akajitwika. Hajafika pembeni mwa Mtaa wa Kongo, akasikia nyayo nyuma yake.

"Kaka! We kaka! Humo umebakiza nini?"

Akakaza mwendo. Yule mtu naye akakaza, na nyuma yake mwingine akauliza wanafuata nini.