Kambare wa silanga, na mama mkwe aliyeongea na kinu

Wakuu, hamjambo nyote mnaokaa kando ya maji.

Juzi kuna kijana aliuliza hapa kambare wa dam anapenda chambo gani. Mkamjaza majibu. Mmoja akamwambia aagize vitu vya plastiki kutoka ng'ambo, mwingine akamtumia link. Nilicheka peke yangu mpaka Mwende, mke wangu, akauliza kama niko sawa.

Kijana, jibu ni sabuni. Kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia.

Lakini siwezi kukupa hilo jibu likiwa tupu hivyo, kwa sababu sabuni hiyo ina mwenyewe. Keti nikueleze. Sitatia chumvi, na Mwende yuko hapa kando yangu akinisahihisha.

Ilikuwa miaka ya themanini, ile njaa ambayo wazee wetu Ukambani waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika. Pesa unayo mkononi, lakini unazunguka maduka yote ya Kalamba na unakuta viberiti na vumbi. Waliokuwepo wanajua. Nyinyi wa juzi, ulizeni nyumbani.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka kibarua cha ujenzi kule mto Tana. Huko ndiko nilijifunza kuvua. Kulikuwa na fundi mmoja wa kutoka upande wa ziwa, Otieno, ambaye kila Jumapili alinivuta mpaka majini. Alikuwa akisema Mkamba na samaki ni watu wawili ambao hawajatambulishwa. Tulipoachana alinipa ndoano kadhaa na uzi wa nailoni, na hiyo ndiyo mali niliyorudi nayo nyumbani.

Mjue kwetu siku hizo samaki hakuwa chakula. Ukitaja tu, mtu anashika tumbo. Silanga letu, yaani lile bwawa la kuchimbwa ambalo kijiji chote kilichota maji, lilikuwa na tilapia na kambare, huyo mnayemwita mudfish. Hakuna mtu aliyewagusa. Walizeeka humo na heshima zao.

Sasa Mwende akajifungua katikati ya njaa hiyo, kabla ya siku zake kufika. Msichana. Tukamwita Ndunge, jina la mama yangu ambaye alikuwa ameshafariki.

Mtoto alikuwa mdogo, wakuu. Kichwa chake kilitosha kwenye kiganja changu.

Na maziwa hayakuja. Yalitoka matone, yakakatika. Nesi wa dispensari akasema dawa ya kumpa hana, dawa ni mama ale. Supu, nyama, chochote chenye nguvu. Ng'ombe walikuwa wamekufa, mbuzi walikuwa wamekufa, na maziwa ya kopo dukani yalikuwa hadithi.

Nilimchinja kuku wa mwisho. Mwende akanywa supu, maziwa yakaonekana kidogo. Kuku akaisha. Mtoto akaanza tena kulia, na siku zilivyokwenda akawa analia polepole. Kilio cha nguvu cha mtoto kinachosha, lakini kile cha polepole kinatisha. Niliogopa sana, sitaki kuwadanganya.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mukuyuni kumsaidia binti yake. Alifika na kiondo chenye mtama kidogo na mche mmoja wa sabuni, wa kufulia nguo za mtoto.

Hapa nisimame kidogo kwa wale wasio Wakamba. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima na ni aibu, vyote pamoja. Wewe na mama mkwe hamwangaliani usoni, hamsalimiani kwa mkono, hamkai nyumba moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Mambo haya yanaisha siku ukimpelekea mbuzi wa kuondoa nthoni. Na mimi mbuzi ningemtoa wapi mwaka huo?

Kwa hivyo tuliishi boma moja kama watu wanaodaiana. Yeye ndani na Mwende, mimi nalala kwenye stoo. Akitoka, anajifunika leso mpaka usoni. Nikitaka kuingia kumwona mke wangu, nakohoa, na yeye anatokea mlango wa nyuma.

Lakini watu lazima waongee. Kwa hivyo aliongea na kinu.

Kinu changu kilikuwa nje karibu na mlango, kimekauka, hakijaona mahindi siku nyingi. Yeye anasimama upande huu amekipa kinu uso, mimi nasimama upande ule nimegeuka. Anakiambia kinu, mimi nasikia. Mimi nakiambia kinu, yeye anasikia. Msicheke. Mambo mengi ya nyumba yetu yaliamuliwa hivyo.

Nilikuwa nimehifadhi utumbo wa yule kuku. Nikachukua ndoano za Otieno, nikaenda silanga. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yamebaki katikati kama uji mzito. Nilipata tilapia wawili wadogo. Nikawapika nje kwenye debe kuukuu, kwa sababu nilijua sufuria sitapewa.

Harufu ilipofika mlangoni, leso ikatokea.

"Wewe kinu, hebu muulize mwenye boma ni nini hiyo ananukisha."

"Kinu, sema ni samaki. Ni supu ya Mwende."

"Kinu, mwambie kwetu nyoka hapikwi."

"Kinu, sema hii si nyoka. Ona iko na mapezi."

"Kinu, mwambie ni nyoka aliyevaa mapezi."

Akasema hivyo akarudi ndani.

Nikakohoa, yeye akatokea mlango wa nyuma, nikaingia na bakuli. Mwende alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani, mtoto anatafuta na hapati. Nikamwekea bakuli mdomoni. Akageuza uso. Hakunikasirikia, aliongea kwa upole tu.

"Mwaitu alinifundisha samaki ni ndugu ya nyoka. Nikinywa hiyo, mtoto wangu atanyonya nini?"

Mwaitu ni mama kwa lugha yetu. Na huyo mwaitu alikuwa nje, mgongo kwenye ukuta ule ule. Nyumba ya udongo haifichi neno. Alisikia maneno yake mwenyewe, yale aliyompa msichana wake akiwa mtoto mdogo, yakirudi kutoka kitandani.



Jioni hiyo nilikaa nje na ile supu mpaka ikapoa, nikainywa mwenyewe kwa machungu. Halafu nikaanza kulalamika kwa sauti, kama mtu amechoka. Nikakiambia kinu kwamba tilapia hata hivyo ni miiba mitupu, kitu cha maana ni kambare, mnofu mtupu na mafuta yake. Lakini utumbo wa kuku umeisha, na minyoo hakuna kwenye udongo uliokauka hivi. Otieno alikuwa anamnasa kwa sabuni, nikasema, lakini sasa sabuni nitaitoa wapi. Wallahi sikuwa namwomba. Ule mche mmoja ulikuwa wa nguo za mtoto, hata kuuangalia niliona haya.

Asubuhi nikatoka stoo. Juu ya kinu kulikuwa na kitu kimefungwa kwa ganda la hindi. Nikafungua. Kipande cha sabuni, kimekatwa vizuri kwa kisu, kinatosha kiganja.

Nilisimama pale nimeishika. Sikujua nimshukuru nani, nikagonga kinu kidogo nikaenda.

Sasa kijana, hapa ndipo unachukua somo lako. Kata sabuni vipande vya ukubwa wa punje mbili za maharagwe. Ipashe mkononi kwanza ndio isipasuke ukiidunga. Acha ndoano ilale chini kabisa kwenye matope, kambare hali akiwa juu. Usisimame, keti, kivuli chako kisiguse maji. Akianza kuvuta atavuta polepole, utafikiri ni kijiti. Usishtuke. Mwache aende, aende, halafu kaza. Na ukimtoa, mshike nyuma ya kichwa, kwa sababu hapo kando ana miiba miwili, na ikikudunga mkono utavimba.

Nilimpata kabla jua halijakaza. Mnono, ndevu zimening'inia, amekasirika. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha mitungi wakakimbia, na mmoja alinikemea kwa jina la Yesu.

Nilimsugua na majivu pale pale mpaka ute wote ukatoka. Majivu, si maji matupu. Ukitumia maji utasugua mpaka kesho.

Nikarudi nyumbani nikiwaza nitalitafuta wapi lile debe. Nikakuta moto umeshawashwa. Juu ya moto hapakuwa na debe, palikuwa na sufuria, ile sufuria yake ya kupikia uji. Kando kulikuwa na ukwaju umelowekwa kwenye kibuyu.

"Kinu," leso ikasema, "mwambie ukwaju unakata harufu ya matope. Hata kwa nyama ya porini unafanya hivyo."

Na ni kweli, wakuu. Mpaka leo sipiki kambare bila ukwaju. Chemsha mara ya kwanza, mwaga maji, kisha pika taratibu na ukwaju na chumvi.

Ilipoiva nikasogea mbali, yeye akachukua bakuli akaingia nalo. Mimi nikaenda kukaa chini kando ya kinu. Niliyasikia yote.

Mwende akasema, "Mwaitu, siwezi."

"Sijakuambia unywe. Nimekuambia uniangalie."

Kisha nikasikia mtu akinywa supu. Mwanamke mzima, mama wa watoto, ambaye tangu azaliwe hajawahi kugusa samaki hata kwa kijiti. Alikunywa na akatafuna na nikasikia akimeza. Nilijua si rahisi, kwa sababu mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitapika kwenye viatu vya Otieno.

"Mama yangu aliniambia nyoka," akasema, "na mimi nikakuambia nyoka. Hakuna nyoka hapa. Ni nyama. Shika, mtoto anangoja."

Mwende akanywa. Nilisikia kijiko kikigonga chini ya bakuli, nikaweka kichwa juu ya kinu nikalia. Mwende anasema nisiandike hii, lakini nimeandika.

Maziwa hayakuja siku hiyo, nisiwape hadithi za mtandao. Niliendelea kwenda silanga kila asubuhi, na kila asubuhi kulikuwa na kipande cha sabuni kwenye kinu. Mche ulikuwa unaisha, na nguo za Ndunge zikawa zinafuliwa kwa majivu.

Halafu asubuhi moja nilitoka stoo nikakuta kinu hakina kitu. Nikafikiri sabuni imeisha. Nikasikiliza nyumba. Hakukuwa na kilio, nikashika ukingo wa kinu.

Kisha nikasikia mtoto akimeza. Ile sauti ya mtoto anayenyonya maziwa mengi kuliko mdomo wake, anakohoa kidogo, anarudi tena.

Mama mkwe akatoka. Akasimama mbele ya kinu, amejifunika kama kawaida.

"Kinu," akasema, "mwambie mwenye boma yule mbuzi wa kuniondolea nthoni nimemla. Nimekuwa nikimla siku hizi zote. Alikuwa na ndevu kama mbuzi wengine."

Na akatoa leso usoni.

Ndio nilimwona mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Alikuwa Mwende kabisa, ila mzee na amechoka. Akanipa mkono. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, na wote wawili tukageuka kukitazama kinu, maana ndicho tulichozoea.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila Krismasi nilimpelekea kambare wa kukausha kwa moshi, na yeye akiniona tu getini anawaambia majirani mkwe wake ameleta mbuzi. Hakuna aliyeelewa isipokuwa sisi. Tulimzika mwaka juzi Mukuyuni, na ndani ya sanduku lake tulikuta mche wa sabuni haujafunguliwa. Mwende aliuchukua, uko hapa kabatini, na mimi sitauvulia.

Ndunge naye ni mama sasa. Ndiye alinifungulia account hii.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Kuvua ni kazi rahisi, sabuni na subira. Kazi ngumu ni ya yule anayekula wa kwanza ili mwingine aweze kula. Kama nyumbani kwenu kuna mtu kama huyo na bado yuko hai, mshike mkono leo, hata kama hamjazoea.

Haya, nanyi niambieni, kwenu nani alionja samaki wa kwanza? Na kama unaona haya kunijibu mimi, andika tu "wewe kinu". Nitakuwa nimekaa hapa upande wa pili nikisikiliza.