Jambo la Mdogo Wangu Nililiweka Mwisho

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Siku ile kwenye mkeka walikaa Mjomba Chilumba, ambaye ndiye mkubwa wa baraza, Mzee Nampota, Mzee Danieli, Bibi Sofia na Bibi Atukae. Nje ya mkeka, ameegemea ukuta, alikaa mdogo wangu Hemedi. Na mimi nilikuwepo, nimesimama, maana mpanga shughuli haketi. Kati ya hao wote mkosaji ni mmoja tu, anayewaandikia. Majina yao nimeyabadili. Langu nalificha kwa aibu, niiteni Mama Shaibu tu.

Niwaeleze kwanza hilo baraza, msije mkapotea njiani.

Kwetu Newala, upande wa Mnyambe, ukoo wetu una vikao viwili. Kikao cha chini ni cha kila mtu, vijana kwa akina mama, mnabishana mpaka makoo yanakauka. Jambo likipita huko linapanda Baraza la Juu, la wazee watano. Wao ndio wenye neno la mwisho. Wakikubali, limekubalika. Wakikataa, linarudi chini.

Kazi yangu ilikuwa kupanga shughuli za siku za hao wazee. Mimi ndiye niliyeamua lipi litangulie na lipi lifuate, nani aseme na nani angoje. Sikusoma sana. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita, Hemedi hajaota hata meno. Niliacha shule, nikamfunga mgongoni, nikaenda kupalilia mashamba ya watu. Wazee walisema aliyelea bila kuyumba hatayumba kwenye mkeka. Jamani, nilivimba kichwa kwa maneno yale!

Mkeka una masharti yake. Wazee lazima wawe wote watano. Mmoja akiinuka akaenda zake, mkeka unakunjwa, na ukikunjwa haukunjuliwi tena mpaka kikao kingine. Korosho zikianza kudondoka hakuna kikao kabisa, kila mtu yuko shambani anaokota.

Sharti jingine nililileta mimi mwenyewe, kwamba jambo la baraza lisiamuliwe nje ya mkeka. Zamani wazee walikuwa wanaamua mambo kwenye uraka, wakishalewa hiyo pombe ya mabibo, asubuhi kila mmoja anakumbuka lake. Niliwapigia kelele mpaka wakakubali. Nilijisifu kwa sharti lile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Sasa Hemedi alikuwa ametengwa. Alikuwa fundi pikipiki Masasi, akaacha kuja kwenye mazishi ya nyumbani, hata marehemu mke wa Mjomba Chilumba hakumzika. Kwetu asiyezika wenzake hazikiwi. Ukitengwa, hakuna anayekanyaga kwako, kwa furaha wala kwa msiba. Aliporudi kijijini na mkewe Somoe na watoto wao, watu walimpita kama kisiki. Hata mimi nilikuwa nampelekea unga kwa mlango wa nyuma, kama mwizi.

Alijirudi. Akapiga magoti kikao cha chini, akalia mbele ya watu, wakamsamehe. Likabaki Baraza la Juu tu.

Asubuhi ya kikao alinifuata jikoni.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mbona mapema?"

"Dada, nakuomba jambo langu leo litangulie. Somoe hali yake mbaya. Jana hakula, hajui hata nani kaingia. Akinifia leo nitamzika na nani?"

"Nyamaza huko! Mdomo wako huo."

"Dada, litangulie."

"Hemedi, mimi ndiye niliyekufundisha kutembea. Leo unifundishe kazi yangu?"

Ole wangu! Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na ujanja, na ujanja ndio ulioniponza.

Nilimjua Mjomba Chilumba. Asubuhi ni mkali, anauliza kila neno. Lakini jua likipanda na harufu ya mboga ikitoka jikoni, anapepesa macho na kusema, "Pitisha, pitisha." Nilishapitisha mambo magumu mengi kwa njia hiyo. Nikajiambia, huyu ndiye aliyekosewa na Hemedi kuliko wote, nikimletea asubuhi atalikataa. Ngoja achoke kwanza.

Basi nikatanguliza ugomvi wa ufunguo wa kisima cha mvua, nani akae nao. Nilijua utawachosha.

Uliwachosha kweli. Bibi Sofia alisema ufunguo ukikaa kwa Mzee Nampota maji yatakuwa ya mbuzi wake. Mzee Nampota akajibu, "Mbuzi wangu wana adabu kuliko wajukuu zako, wao hawanawi miguu kisimani." Mzee Danieli akacheka mpaka akakohoa. Hata mimi nilicheka. Hemedi pale ukutani hakucheka. Alikuwa ananitazama tu. Nikamwonyesha kwa mkono, tulia.

Nikaona Mjomba ameanza kupepesa macho. Nikasema moyoni, sasa. Nikafungua kinywa nilitaje.

Mara tukasikia kelele barabarani, "Boza! Boza la maji limefika!"

Anayeijua Newala haniulizi maana yake. Mvua za mwaka ule zilikuwa chache, bomba halikuwa limetoa tone tangu sijui lini, na boza halimngoji mtu. Bibi Atukae aliinuka wa kwanza. "Wanangu, nyumbani sina hata maji ya kutawadhia," akasema, huyo kashafika mlangoni. Bibi Sofia nyuma yake. Mkeka ukakunjwa.

Na mimi je? Nilikimbia na ndoo zangu, kama wao. Niliporudi, mabega yameloa, Hemedi bado amekaa palepale.

"Tutaliweka kikao kijacho," nikamwambia.

"Kikao kijacho ni baada ya korosho, Dada."

"Najua."

 Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kwa mkewe.

Somoe alifariki korosho zimepamba moto.

Niliposikia nilikwenda mbio mpaka shambani kwa Mjomba. Nilimkuta ameinama anaokota, mgongo wazi kwa jua.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Nimesikia. Pole."

"Mjomba, toa neno moja tu. Waambie watu waje wazike. Mkeka tutautandika baadaye."

Aliokota moja nyingine. Akakata bibo kwenye korosho, akalitupa.

"Mama Shaibu, nani alisema jambo la baraza lisiamuliwe nje ya mkeka?"

"Mimi, Mjomba."

"Nikilivunja sharti hilo leo kwa sababu huyu ni mdogo wako, yule wa kesho nitamwambia nini?"

Macho yake yalikuwa na machozi, hilo naliapia. Lakini aliinama akaendelea kuokota. Maneno yale yalikuwa yangu mwenyewe. Nilimfundisha mimi!

Mimi nilikwenda msibani. Nilijua nimevunja mtengo, nikasema na wanitenge na mimi. Tulimwosha Somoe wawili tu, mimi na mama yake aliyekuja kutoka Lisekese. Kaburi walichimba kaka zake Somoe na vijana wa bodaboda waliowaleta. Vijana wale hata hawakumjua marehemu, walivua mashati wakachimba kwa huruma.

Majirani walisimama mbali, mashambani mwao. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyevuka.

Mama yake Somoe akaniuliza, huku ameshika mkono wa mwanawe, "Mama Shaibu, watu wako wapi?"

"Wanakuja, mama."

Nilimdanganya mama mzazi juu ya maiti ya mtoto wake! Mpaka jeneza linatoka nje, yeye alikuwa bado anatazama njia.

Baada ya mazishi Hemedi alibeba watoto, akaondoka na wakwe zake kwenda Lisekese. Aliniaga kwa heshima zote. Afadhali angenitukana.

Korosho zilipokwisha baraza likakaa. Safari hii jambo la Hemedi nililiweka la kwanza. Nililitaja, nikajiandaa kwa maswali ya Mjomba.

"Pitisha," akasema.

Hivyo tu! Asubuhi ile, uso wake haujapata hata joto la jua. Wenzake wakaitikia, likapita. Kikao kilipokwisha nilimfuata nyuma, nikamuuliza kwa nini hakuuliza neno.

"Niulize nini? Hata siku ile ningelipitisha. Yule mtoto alilia mbele ya watu, nikasikia, nikamsamehe palepale. Nilikaa pale nakungoja ulitaje. Wewe ukatuletea ufunguo."

 Sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Nilikwenda Lisekese kumpa habari. Hemedi alinitandikia jamvi, akaniletea chakula, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mmenirudisha, Dada. Nawashukuru. Sasa mmenirudisha niende wapi?"

Nikamwomba anisamehe. Akasema ameshanisamehe, kisha akaingia ndani kuwaogesha watoto. Mtoto wao wa mwisho, niliyekuwa nampelekea unga, alijificha nyuma ya mlango asinione. Nilikaa kwenye jamvi peke yangu mpaka nikaona nimekuwa mzigo kwa wenye nyumba.

Kazi ya baraza nimeiacha. Wazee walinibembeleza, nikakataa.

Wewe unayesoma, labda nawe umepewa kupanga mazungumzo ya watu, kwenye kikao cha ukoo, cha kikundi, au huko kwenye mabaraza makubwa ya wenye suti. Usijidai unawajua watu kuliko wanavyojijua. Usimpangie mzee hasira ambayo hajaitoa. Jambo lenye roho ya mtu ndani yake litaje kwanza, hata kama unaogopa litakataliwa. Likikataliwa mtalilia pamoja. Lisipotajwa, utalilia peke yako.

Mimi bado nadaiwa. Kwetu deni la kuzika halilipwi kwa kuku wala kwa unga wala kwa kupiga magoti. Ukikosa kwenye msiba wa mwenzio, unalipa kwa kwenda kwenye msiba wake mwingine. Mimi nilikwenda, ni kweli, lakini watu wote ambao hawakwenda siku ile, mimi ndiye niliyewazuia, na deni lao wote liko juu yangu. Kulilipa, mpaka nyumba ya Hemedi ilie tena. Amebaki yeye na watoto wawili. Niombe afe nani?