Mwigizaji wa Kibrazili Aliyenikatalia Kiswahili

Bado nina hasira, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe. Nilikuwa mhudumu wa mgahawa Dubai Marina, bado kwenye majaribio, alipoingia yule mwigizaji wa Kibrazili. Niliacha shule darasa la sita, lakini maisha yake nayajua: alianza akiwa mtoto kwenye matangazo ya sabuni, akaingia kwenye sinema, halafu ile tamthilia tuliyokuwa tukiitazama Tabora, sebuleni kwa jirani.

"Karibu sana, mama. Za siku nyingi?"

Akatabasamu tu. Nikarudia. Akajibu kwa Kiingereza kwamba haelewi.

Damu ikanichemka. "Huelewi? Mbona kule ulikuwa unagombana na wifi zako kwa Kiswahili safi? Umepata hela, sasa unatuona takataka!"

Akasogeza kiti nyuma kwa woga. Msimamizi wetu, Mkenya aitwaye Wanjiru, akanivuta hadi jikoni.

"Yalla, haya, niambie. Huyo madam ulimsikia wapi akiongea Kiswahili?"

"Kwenye televisheni! Tena kunishinda mimi!"

"Na bwana yake?"

"Kiswahili."

"Na polisi? Na padri wa huko kwao Brazili?"

"Wote, dada! Hata…"

Wapishi walikuwa wameacha kukata vitunguu.

"Maliza basi," akasema Wanjiru, akininyooshea mkono nimrudishie aproni. "Hata nani?"